Tuma na ya Kutolea

Unadhani kupambana na umaskini ni kazi ya Benki ya Dunia na watu wa semina? Hebu toa simu yako kwanza tuiangalie.

Kuna meseji moja ambayo kila mwenye kazi mjini anaijua kwa moyo: "Naomba elfu ishirini, mtoto anaumwa. Tuma na ya kutolea." Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yanayowaudhi watu. Utamsikia dada saluni analalamika, "Yaani nimpe hela, halafu nimlipie na kuichukua? Amezidi!" Kina kaka nao wameshaifanya utani. Demu akikuomba ya kutolea, washikaji wanakwambia umechunwa.

Ya mpenzi tuyaache, hiyo ni makala ya siku nyingine. Leo tuzungumzie ile meseji inayotoka kijijini, kwa mama, shangazi, au mdogo wako aliyebaki, tuseme, Sikonge au Urambo. Maana huyu anayeandika "na ya kutolea" amepiga hesabu ambayo wewe hujaipiga. Dawa ni elfu ishirini kamili. Ukituma elfu ishirini kavu, ikishakatwa inabaki pungufu, na duka la dawa halijui habari za pungufu. Hapo bodaboda ya kumfikisha kwa wakala hujaihesabu. Tena makato yanawauma zaidi wanaotoa kidogo kidogo: ukilinganisha na hela yenyewe, anayetoa elfu tano anakatwa kikubwa kuliko anayetoa laki tano. Soma lile bango la bei pale kwa wakala utaona. Mwaka 2021 serikali ilipoongeza tozo kwenye miamala ya simu, kelele zilipigwa nchi nzima mpaka ikazipunguza, na waliopiga kelele hawakuwa matajiri.

Daktari aliyetumiwa, mzigo usifike

Tabora iliujua mchezo huu kabla ya simu. Nje kidogo ya mji, pale Kwihara, lipo tembe alilokaa Dk. Livingstone, siku hizi ni makumbusho. Watu wanakwenda, wanapiga picha mlangoni, wanaondoka. Wachache wanauliza yule mzee alikuwa anafanya nini pale. Jibu ni kwamba alikuwa anasubiri kutumiwa.

Kisa kilianzia Ujiji. Oktoba 1871 Livingstone alifika pale mgonjwa na amechoka, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka pwani: vitambaa na shanga, ndiyo hela ya wakati ule. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mzigo ameshauuza wote. Mzungu ambaye gazeti la New York Herald lilikuwa linamtafuta akabaki karibu mikono mitupu. Stanley alimkuta katika hali hiyo muda mfupi baadaye. Mwanzoni mwa 1872 wakaja wote Kwihara, Machi Stanley akashuka pwani, na Livingstone akabaki hapo mpaka Agosti akingoja wapagazi na vifaa. Miezi mitano! Kutumiwa na kupata ni vitu viwili.

Wapagazi wenyewe walilijua hilo kuliko yeyote. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee. Njia hiyo ilipitisha watumwa pia, na hilo halifutiki. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba pembe na vitambaa walikuwa watu huru, wenye mapatano na mwenye msafara, na wenye kudai. Kati ya vitu walivyovidai kwa ukali ni posho. Neno hilo tunalitumia mpaka leo bila kukumbuka lilikotembea. Mwenye msafara alitoa kibaba cha nafaka, au kipande cha kitambaa cha merikani ili mtu akabadilishe na chakula njiani. Posho ikichelewa, mizigo ililala chini. Ikichelewa sana, wapagazi walitoroka, na tajiri akabaki porini na pembe zake. Haikusaidia kuwaahidi zawadi kubwa mwisho wa safari, kwa sababu tumbo halikopeshwi mpaka Ujiji.

Shida ya neno "kwa siku"

Sasa rudi kwenye hali yetu. Zamani tuliimbiwa "dola moja kwa siku". Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia imeuweka mstari wa umaskini uliokithiri kwenye dola 3 kwa siku, kwa hesabu inayozingatia tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Sina ugomvi na mstari huo. Ugomvi wangu ni na hilo "kwa siku". Mkulima wa tumbaku wa Kaliua hapati dola tatu leo, tatu kesho, tatu keshokutwa. Anapata hela soko la tumbaku likifunguliwa, ikiwa imeshakatwa mkopo wa mbolea, na malalamiko ya malipo kuchelewa si mageni kule. Mrina asali naye ana msimu wake. Halafu inafuata miezi ambayo haina kitu kabisa.

Mwaka 2009 kilitoka kitabu kiitwacho Portfolios of the Poor, cha watafiti waliofuatilia hela za familia maskini za Bangladesh, India na Afrika Kusini, zinavyoingia na kutoka, kwa karibu mwaka mzima. Waligundua kwamba udogo wa kipato ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kutojua hela itaingia lini, ndiyo maana familia hizo zilikuwa zinakopa, zinaweka na kukopeshana bila kupumzika. Bibi yako angewaambia hayo bure.

Ndiyo sababu nasema tarehe ina uzito kama kiasi. Watu wa mjini tunatuma Krismasi na Idi, tena kwa mbwembwe. Januari tunalia ukata, Februari simu inanyamaza. Na Tabora Januari na Februari ndipo mahindi ya mwaka jana yanapoishia, mapya bado yako shambani, na shule zimeshafunguliwa. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, sawa, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Laki moja ya Krismasi inakuwa kitoweo, soda na vitenge vya sherehe. Elfu thelathini ya Februari inaokoa mbegu isiliwe na mbuzi asiuzwe kwa bei ya kutupa.

Kwamba vihela hivi vidogo vina nguvu, si hisia zangu tu. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007. Walikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, na kaya zilizoongozwa na wanawake zilinufaika zaidi. Wapo wasomi waliozipinga hesabu hizo. Lakini jambo moja ni rahisi kulielewa: mvua ikigoma au mtoto akilazwa, mwenye mtu wa kumtumia hela siku hiyo hiyo halazimiki kupunguza chakula.

Sisemi elfu ishirini yako itajenga nchi. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa mabomba ya serikali na mkopo kutoka India, na hakuna harambee ya ukoo ambayo ingeyafikisha. Mambo makubwa wadai wakubwa. Ila usijifiche nyuma ya makubwa ukaacha meseji ya shangazi ikae siku nne bila jibu.

Kwetu na kwenu

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapowaka moto. Mume anatuma kwao kimyakimya, mke anaikuta meseji ya muamala usiku. Kesho yake mke naye anatuma kwao, ya kulipiza. Mwisho wa mwezi kodi haitoshi, na wazee wa pande zote mbili wamepata mara moja kwa bahati, tena hawajui kama mwezi ujao ipo. Siri hii inawaumiza ninyi, na inawaumiza wao zaidi.

Dawa yake si ngumu. Kaeni jioni moja, TV ikiwa imezimwa tafadhali, mkubaliane kiasi cha kwetu na cha kwenu, hata kiwe elfu kumi na tano kila upande. Kiwe na tarehe kama kodi ya nyumba, na gharama ya kutolea iwe ndani ya hesabu. Wazee waambiwe tarehe hiyo. Mtashangaa jinsi simu za dharura zinavyopungua, kwa sababu mama akijua tarehe tano ipo, duka la kijijini linamkopesha mchele bila maneno.

Kwenye VICOBA ni hivyo hivyo. Mfumo huu wa hisa na sanduku ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, na unaendeshwa kwa hela za wanachama wenyewe. Ukichelewesha rejesho lako kwa sababu ulikuwa na mtoko wikiendi, aliyepangiwa kukopa wiki hii ili anunue vitambaa vya kushona anaambiwa asubiri. Hela unayomchelewesha nayo siyo ya benki, ni yake.

Nimemwacha mwisho yule ambaye huhitaji hata kupanda gari kumfikia, yuko jikoni kwako. Dada wa kazi wengi ni nguzo ya nyumba zao kule walikotoka. Ukimwambia "nitakupa wiki ijayo, nimebanwa kidogo", kuna mtoto mahali anakosa viatu kwa sababu wewe umebanwa. Andika mapatano yenu kwenye karatasi, mlipe tarehe ile ile, na umwache aamue mwenyewe anatuma shilingi ngapi nyumbani. Na kama mshahara wake unamrushia kwenye simu, mjazie na ya kutolea.