MOTA YA BETRI KWA MTUMBWI: TUPIME KAZI KABLA YA KUNUNUA



Petroli ni ghali. Kila mvuvi wa Kigoma, Ujiji na mialo yote ya Ziwa Tanganyika anajua hivyo. Basi mtu akisikia kwamba kuna mota inayosukuma mtumbwi kwa betri, bila tone la petroli, lazima atege sikio. Mota hizo zipo kweli. Zinauzwa madukani, na wengine huziagiza kutoka nje.

Lakini je, mota hii inamfaa kila mvuvi? Hapana. Wapo itakaowafaa sana. Wapo pia ambao wataikopea fedha, kisha watabaki na deni na mota isiyofanya kazi yao. Na ziwani kosa la namna hiyo si la fedha tu. Ni la roho za watu. Kwa hiyo tusome pamoja, tupige hesabu pamoja, halafu kila mmoja aamue.

Mota hii ni kitu gani?

Ni mota ndogo yenye fimbo ndefu. Chini, ndani ya maji, kuna mota yenyewe pamoja na propela. Juu kuna kichwa chenye mkono wa kuongozea na kubadilishia mwendo. Waya mbili zinatoka kwenye kichwa hicho na kwenda kwenye betri. Haina moshi wala kelele.

Huko ng'ambo, kama Marekani, mota hizi zilitengenezwa kwa watu wanaovua kwa ndoana katika maji matulivu. Wao huitumia kusogea polepole tu. Kusafiri mbali hutumia injini nyingine. Tukumbuke jambo hili: mota hii imezaliwa kwa kazi ya polepole na ya karibu.

Nguvu yake ni kiasi gani? Mota moja ya kawaida ya volti 12 hutumia ampea 50 ikienda kwa nguvu zote. Zidisha 12 mara 50, utapata wati 600. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kumbe mota hiyo haifikii hata farasi mmoja! Sasa ilinganishe na injini ya petroli ya hp 15, yaani nguvu za farasi 15. Mtoto wa mbuzi na ng'ombe hawalimi jembe moja.

Inafaa chombo gani?

Haifai vyombo vikubwa vya dagaa, vile viwili vilivyofungwa pamoja kwa miti, vyenye wavu mkubwa, taa nyingi na watu wengi. Vyombo hivyo vina uzito mkubwa, navyo huenda mbali usiku.

Haifai kubeba abiria kutoka Kibirizi kwenda Gombe au Kagunga. Gombe peke yake ni zaidi ya kilomita 15 kutoka Kigoma mjini.

Inafaa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja au wawili, wanaovua karibu na ufuko. Kwa mfano, mvuvi wa ndoana, au mwenye nyavu za kutega anayekwenda kuzikagua alfajiri. Kama hiyo ndiyo kazi yako, endelea kusoma kwa makini. Kama siyo, umeshaokoa fedha zako.

Hatua ya kwanza: pima uzito

Andika uzito wa kila kitu kitakachokuwa ndani ya mtumbwi. Usisahau samaki wa kurudi nao. Tuchukue mfano huu:

Mtumbwi: kilo 120
Watu wawili: kilo 140
Mota na betri: kilo 40
Nyavu na vyombo vingine: kilo 40
Samaki: kilo 60
Jumla: kilo 400

Kanuni ni hii: kila kilo 50 za uzito zinahitaji kilo 1 ya msukumo. Gawa 400 kwa 50, utapata 8. Lakini hiyo ni kwa maji yaliyotulia kama maji ya beseni. Ziwa letu si beseni. Kuna mawimbi, na kuna upepo wa kusi miezi ya kiangazi. Kwa hiyo zidisha mara mbili: kilo 16 za msukumo.

Dukani utakuta msukumo umeandikwa kwa paundi. Paundi 11 ni sawa na kilo 5. Mota ya paundi 33 ina msukumo wa kilo 15; haitoshi. Mota ya paundi 44 ina kilo 20, na ya paundi 55 ina kilo 25. Hizo mbili zinatosha kwa mtumbwi wetu wa mfano.

Hatua ya pili: pima safari

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatazama mota, wanasahau betri.

Betri ni kama dumu la maji, na mota ni kama bomba linalotoa maji hayo. Betri iliyoandikwa 100 Ah inaweza kutoa ampea 10 kwa karibu saa 10. Lakini angalia: betri ya maji ya asidi haitakiwi kumalizwa. Ukiimaliza kila siku, itakufa mapema. Tumia nusu tu. Kwa hiyo dumu lako la 100 kwa kweli ni dumu la 50.

Turudi kwenye mtumbwi wetu. Tuseme nyavu ziko kilomita 2 na nusu kutoka ufukoni. Kwenda na kurudi ni kilomita 5. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, safari itachukua saa moja na robo. Tuseme kwa mwendo huo mota hutumia ampea 24. Zidisha 24 mara saa moja na robo: ni 30. Ulikuwa na 50, umetumia 30, umebakiwa na 20. Hiyo 20 ni akiba ya upepo. Safari hii inawezekana.

Sasa tuseme nyavu ziko kilomita 6. Kwenda na kurudi ni kilomita 12, yaani saa 3. Zidisha 24 mara 3: ni 72. Betri yako ina 50. Nani atakurudisha?

Jambo la tatu: mwendo. Ukikaza mota hadi mwisho, ampea 50 zitamaliza ile nusu ya betri kwa saa moja tu. Lakini ukienda mwendo wa nusu, matumizi hushuka sana, hata chini ya robo. Mwenda pole hajikwai, na betri yake haimwishii njiani.

Kwa hiyo shika sheria hii: theluthi moja ya umeme wako iwe ya akiba kila siku. Usiihesabu katika safari.

Betri gani?

Betri ya gari si ya kazi hii. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa dakika moja, gari liwake. Nunua betri ya sola, ambayo hutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Wavuvi wengi wanaotumia taa za betri badala ya karabai wanazifahamu.

Ipo pia betri ya lithiamu. Hiyo ni nyepesi: ya 100 Ah ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya asidi hufika kilo 30. Tena unaweza kutumia sehemu kubwa ya umeme wake, siyo nusu tu. Hudumu miaka mingi zaidi. Ubaya wake ni bei kubwa mwanzoni, nayo huhitaji chaja yake maalumu.

Kuchaji kwa jua kunafaa sana kwa mvuvi wa usiku au wa alfajiri, maana mchana betri ipo nyumbani. Katika mfano wetu tulitumia 30. Zidisha mara volti 12, ni 360. Paneli ya wati 100, kwa jua zuri la saa nne na nusu, huleta 450. Inatosha kwa shida, maana umeme mwingine hupotea njiani. Wakati wa masika mawingu ni mengi, kwa hiyo afadhali paneli ya wati 150 au 200. Usisahau kontrola kati ya paneli na betri.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kinataka maandalizi mawili. La kwanza, betri ya asidi isilale miezi mitatu bila chaji, itaharibika. Ichaji angalau kila mwezi. La pili, ukinunua kwa mkopo, uliza kabla ya kutia sahihi: miezi ya kufungwa nitalipaje?

Unapofika dukani

Soma kibao cha mota: volti, ampea na paundi. Mota ya volti 24 inataka betri mbili za volti 12.

Angalia urefu wa fimbo. Propela inatakiwa iwe chini ya maji kiasi cha futi moja. Fimbo ikiwa fupi, kila wimbi litainua propela juu na itazunguka hewani bure.

Angalia nyuma ya mtumbwi wako. Kama una ubao wa nyuma, mota itafungwa hapo. Kama mtumbwi umechongoka pande zote mbili, ongea na seremala kwanza akutengenezee ubao imara wa kufungia.

Muuzaji akikuambia nunua ile ya maji ya chumvi kwa sababu ni bora, mwambie ahsante. Hiyo ni ya baharini. Maji ya Tanganyika ni baridi, na mota ya maji baridi inatosha.

Omba kuijaribu kwenye mtumbwi wako kabla ya kulipa. Dai risiti na gharantii. Uliza pia: propela na vipuri vinapatikana wapi?

Usalama

Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kabisa. Sehemu nyingi, hata si mbali na ufuko, nanga haifiki chini. Betri ikiisha, huwezi kusimama ukangoja. Upepo utakupeleka unakotaka wenyewe. Kwa hiyo:

1. Usiache makasia nyumbani. Mota haifuti kasia.

2. Kila mtu avae jaketi okozi.

3. Weka betri ndani ya sanduku lililofungwa imara, lenye matundu ya hewa. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usiichaji karibu na jiko, sigara au karabai.

4. Weka fyuzi kwenye waya, karibu na betri. Tumia waya nene. Waya nyembamba hupata moto.

5. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Ukibadilisha unaweza kuunguza mota.

6. Kila wiki toa propela uangalie kama kuna uzi wa wavu uliojisokota. Uzi huo hukata mpira wa kuzuia maji, maji yakaingia ndani, na mota ikafa.

7. Kichwa cha mota kisizame majini.

Je, inalipa?

Tusidanganyane hapa. Kama leo una injini ndogo ya petroli, andika fedha za petroli za mwezi mzima. Hizo ndizo utakazookoa. Lakini kama leo unapiga kasia, huna petroli ya kuokoa. Mota itajilipa tu kama itakuletea samaki zaidi, au kama itakupunguzia mtu wa kumlipa.

Tena kuna gharama iliyojificha. Betri ya asidi inayofanya kazi kila siku huenda isizidi miaka miwili au mitatu. Tuseme, kwa mfano tu, umeinunua kwa shilingi 480,000. Gawa kwa miezi 24. Ni shilingi 20,000 kila mwezi za kuweka kando. Usipoziweka, siku betri itakapokufa, mota itageuka pambo la nyumba.

Njia nyingine ni kushirikiana. Upande wa Kenya, kwenye Ziwa Viktoria, yapo makampuni yaliyoanza kuwakodisha wavuvi mota kubwa za umeme pamoja na betri zake. Betri huchajiwa nchi kavu kwa nguvu ya jua. Mvuvi analipia matumizi, habebi mzigo wa kununua vyote. Kikundi cha wavuvi wa mwalo mmoja nacho kinaweza kununua mota moja ya majaribio. Kila safari iandikwe katika daftari: umbali, saa, upepo, samaki na chaji iliyobaki. Baada ya miezi miwili daftari hilo litasema ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Ndugu zetu, kusoma na kuandika ni nyenzo kama nyavu. Kalamu na daftari huja kwanza, mota baadaye.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtumbwi wako ukiwa na watu, nyavu na samaki una kilo ngapi? Unahitaji msukumo wa paundi ngapi?

2. Nyavu zako ziko umbali gani? Betri moja ya 100 Ah itakutosha na kubakisha akiba?

3. Kwa nini tunasema betri ya asidi ya 100 ni dumu la 50?

4. Uvuvi ukifungwa miezi mitatu, betri utaitunzaje, na mkopo utaulipaje?