Asiyeona naye ajichagulie redio yake



Katika kambi nyingi tunazotembelea huku Kivu, uvumi unakwenda mbio kuliko habari. Mtu anasema "njia imefungwa", na jamaa zinaanza kufunga mizigo usiku. Ndugu zetu wasioona wanaumia zaidi, kwani habari wanaipata kwa kinywa cha mwingine. Leo tunaeleza namna wanavyoweza kujipangia wenyewe redio za intaneti kwenye kompyuta, wasikilize mbili tatu, ndipo waamini.

Kinachohitajika

Ni programu mbili za bure. NVDA inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kompyuta. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Inaweza kubebwa kwenye flashi, na ina sauti ya Kiswahili. Ya pili ni VLC, inayocheza redio.

Namna ya kupanga

1. Fungua Notepad. Mstari wa kwanza andika: #EXTM3U

2. Kila redio ina mistari miwili. Wa kwanza ni jina, kwa mfano: #EXTINF:-1,Radio Okapi. Wa pili ni anwani ya matangazo yenyewe, si ya ukurasa wa redio. Iombeni kwa redio husika.

3. Hifadhi kwa jina "habari.m3u8", pamoja na alama hizo za kunukuu, ili Notepad isiongeze .txt mwishoni.

4. Ndani ya VLC bonyeza Ctrl+O, uchague faili hiyo. N inapeleka redio ya mbele, P inarudisha ya nyuma. NVDA ikisema juu ya redio, bonyeza Ctrl inyamaze.

5. Kubadili mpangilio, rudi Notepad. Kata kwa Ctrl+X, bandika kwa Ctrl+V. Mistari miwili ya redio moja isitengane, la sivyo jina litaangukia redio nyingine.

Mambo ya kuangalia

Tengenezeni orodha mbalimbali: habari, mazungumzo ya amani, nyimbo. Katika habari, wekeni redio zisizo za mwenyewe mmoja. Radio Okapi ilianza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi. DW Kiswahili ni ya Ujerumani, tangu 1963. Zikisema jambo moja, lina uzito. Zikitofautiana, tungoje kwanza.

Kando ya jina andikeni saa ya habari kwa Kiswahili. Msisahau: saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja ya Goma na Bukavu.

Redio ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa moja. Ya 128 inakula mara mbili. Chagueni ndogo.

Viongozi wa kambi, tunawaomba mambo mawili. Wapeni wasioona saa yao kwenye kompyuta, na visikilizio. Tena msiwabonyezee, waacheni wabonyeze wenyewe, hata wakichelewa.

Orodha ya redio ishirini ni ndogo sana, inaingia kwenye flashi yoyote. Mtu akilazimika kuhama tena, anahama nayo. Na jirani akija na uvumi usiku, huenda asiyeona ndiye atakayesema: "Ngoja kwanza, tusikilize."