Mwa-, Se- na Jina la Sifa: Kusaka Ukoo Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayetafuta chimbuko la ukoo wake katika mikoa ya Mbeya na Iringa kwa kawaida hukimbilia karatasi, ilhali ushahidi wa kwanza ni jina analoitwa kila siku. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, kiambishi Mwa-, kinachotangulia majina mengi ya koo, kina maana ya mtoto au mzao wa fulani, hivyo Mwakyusa ni mzao wa Kyusa, ambaye kwa jina lake, kama wazee wasimuliavyo, kabila zima likapata kuitwa. Wahehe nao hutumia Mwa- kwa wanaume, lakini majina ya asili ya wanawake wao huanza na Se-, tofauti ambayo fomu za leo, kwa kumwandikia binti jina la baba yake kama lilivyo, zinaifuta kimyakimya.

Mapokeo ya Kihehe yanaeleza kwamba mwindaji mgeni, Mufwimi, alifika Ng'uluhe, akampa mimba Semduda, binti wa mtawala wa huko, kisha akaondoka akiwa ameagiza kwamba mtoto akizaliwa wa kiume aitwe Muyinga, na kutoka kwa mtoto huyo ukatokea ukoo wa Mwamuyinga. Mtwa, yaani mtawala, mashuhuri wa ukoo huo, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kufa mwaka 1898, alikuwa mwana wa Munyigumba, na jina lake, Mkwawa, ni ufupisho wa Mkwavinyika, jina la sifa la mtekaji wa nchi nyingi. Sifa ya mtu mmoja ndiyo iliyogeuka jina la wazao wake, akiwemo Adam Sapi Mkwawa aliyekuwa Spika wa Bunge, kwa hiyo anayemtafuta Mkwawa wa kizazi kilichotangulia anatafuta mtu asiyekuwepo.

Mkanganyiko huo si wa Wahehe peke yao. Huko Quebec, Kanada, ambako askari wa kikosi cha Carignan-Salières waliwasili kutoka Ufaransa mwaka 1665, wengi walikuwa na majina ya kijeshi, na vitabu vya kanisa viliandika majina yote mawili yakiunganishwa kwa neno dit, yaani "aitwaye". Baadaye mzao mmoja akashika hili, mwingine lile, na ndugu wa damu wakaonekana watu baki.

Wahehe wana kinga ambayo Wafaransa hao hawakuwa nayo, nayo ni mzilo, mwiko wa chakula unaorithiwa kwa upande wa baba, kiasi kwamba watu wawili wenye jina moja na mzilo mmoja wana sababu nzuri ya kuulizana habari za babu. Kwa Wanyakyusa, kumbukumbu ya kijiji haina uzito huo, kwa sababu zamani wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe mbali na baba zao, desturi aliyoichunguza kwa kina Monica Wilson katika miaka ya 1930, na hivyo majirani wa babu hawakuwa lazima ndugu zake.

Karatasi zina nafasi yake, hasa vitabu vya ubatizo vya Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, na vya parokia za Kikatoliki, ambamo hutajwa wazazi, wasimamizi na baadaye ndoa ya mbatizwa. Msomaji wake azingatie kwamba Tukuyu katika nyaraka za Kijerumani ni Neu Langenburg, kwamba Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, na Songwe sehemu ya Mbeya hadi 2016. Kabla ya kufika parokiani, aliye Mhehe amuulize shangazi yake mambo matatu: jina la sifa la babu, mzilo wa ukoo, na jina la Se- alilokuwa nalo bibi kabla ya kuolewa.