Vitabu Vinne vya Kuwarithisha Watoto Wetu



Mtoto azaliwaye ugenini huipoteza lugha ya wazazi wake polepole, tena pasi na kelele. Kwanza huisema, baadaye huisikia tu na kujibu kwa lugha ya shule, hatimaye bibi yake akipiga simu kutoka nyumbani, huhitaji mkalimani. Walimu wa huku hawana wajibu wa kuizuia hali hiyo. Wajibu huo ni wetu, na msaada wake mmojawapo ni kitabu. Hivi hapa ni vinne ninavyovipenda, kuanzia chepesi hadi kigumu.

Cha kwanza ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake hufumbua mauaji kwa kutumia akili, na kijana akishaanza kusoma atataka kumjua muuaji.

Cha pili ni "Wasifu wa Siti binti Saad" cha Shaaban Robert (1909–1962). Ni habari za binti wa Fumba aliyeuza vyungu, kisha sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Kisomwe mbele ya bibi, naye ataongeza yake.

Cha tatu ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyehamia Uingereza akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Hiki ni cha watu wazima na vijana waliokwisha kukomaa.

Cha nne ni "Utendi wa Mwana Kupona", uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Pate aliyekuwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Lugha yake ni Kiamu: macho huitwa "mato", njia huitwa "ndia". Kwa hiyo mzazi atangulie kuusoma peke yake. Ajue pia kwamba nasaha zake juu ya utii wa mke kwa mumewe zitazua maswali kwa mabinti wa leo. Wasinyamazishwe. Waambiwe mama huyo alikuwa nani, aliishi wakati gani, na kwa nini aliharakisha kusema. Kisha waachwe watoe rai yao. Binti anayeujadili utenzi kwa Kiswahili bado lugha anayo.

Dakika kumi baada ya chakula cha usiku zatosha. Mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize, na neno lisilofahamika liandikwe katika daftari. Anayekwenda nyumbani kwa likizo asisahau kuacha nafasi ya vitabu katika sanduku lake.