Dawa na Wadudu Marafiki Katika Shamba la Michungwa

Mkulima wa michungwa anapoona majani yamefunikwa na weusi kama masizi, jambo la kwanza analofikiria ni pampu. Hununua dawa kali, hupiga shamba zima, na kwa muda miti huonekana safi. Kisha masizi hurudi, pengine zaidi ya awali, na dalali anayekuja kununua hushusha bei au huondoka bila kupakia. Ni rahisi kudhani kwamba dawa ilikuwa bandia. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi dawa ilifanya kazi yake barabara, ila iliua pia wale waliokuwa wakimsaidia mkulima bila malipo.

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu magamba, vidukari na inzi weupe. Wadudu hao wana maadui wao shambani: mbawakawa wadogo wenye madoadoa, na nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya mwili wa mdudu gamba. Dawa inayoua kila kitu, kama zile za jamii ya pairethroidi, huwamaliza maadui hao upesi kwa sababu wao hutembea juu ya majani wakitafuta windo. Mdudu gamba amejificha chini ya ngao yake, na baadhi hupona. Waliopona huzaana bila wa kuwazuia.

Wakulima wa California, Marekani, walilipia somo hili. Katika miaka ya 1880 michungwa yao ilikuwa ikiangamizwa na mdudu gamba mweupe kama pamba aliyetoka Australia. Mwaka 1888 mtaalamu Albert Koebele alitumwa huko kumtafuta adui wake, akapeleka California mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi. Walioachiliwa kwanza walikuwa 129 tu, na kufikia mwisho wa 1889 mashamba yalikuwa yamepona. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuja DDT. Mbawakawa walikufa, na mdudu gamba aliyekuwa amesahaulika kwa zaidi ya miaka 50 akafumuka tena, hata wakulima wakalazimika kumtafuta mbawakawa yule yule upya.

Hii haimaanishi kwamba dawa itupwe. Swali ni dawa gani, wapi na lini.

Kabla ya kujaza pampu, mkulima apite mti kwa mti na kugeuza majani. Gamba lenye tundu dogo la mviringo mgongoni limekwisha kuliwa na nyigu. Kidukari aliyevimba na kuwa kahawia naye ni maiti yenye nyigu ndani. Dalili hizi zikiwa nyingi, kazi inaendelea na pampu ikae stoo. Zikikosekana na magamba yakizidi, mafuta maalumu ya kunyunyizia miti ya matunda yanafaa kuliko dawa kali: huwaziba wadudu pumzi, na yakikauka hayaendelei kuwaua nyigu wanaofika baadaye. Yapigwe asubuhi mapema au jioni, na kamwe si juu ya mti ulionyauka kwa kiu, maana yataunguza majani.

Nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyegunduliwa hapa Pwani mwaka 2003, ana njia yake. Chambo cha protini kilichochanganywa na dawa hupakwa sehemu moja tu ya majani ya kila mti. Nzi hufuata chakula na kufa, na sehemu kubwa ya mti hubaki bila dawa. Machungwa yaliyoanguka yaokotwe kila mara na kufungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki unaoanikwa juani, au yafukiwe kwenye shimo refu. Chambo kikitumika huku matunda yaliyooza yakiachwa chini, nzi wapya wataendelea kutoka humo.

Halafu kuna maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wachina walikuwa wakiweka viota vya jamaa zao kwenye michungwa tangu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Huwinda na kuwafukuza wadudu wengi, wakiwemo nzi wa matunda. Lakini wana kasoro mbili: huuma wavunaji, na huwalinda baadhi ya wadudu magamba ili wale utomvu wao. Kwa hiyo penye nzi wengi na magamba machache, waachwe. Penye magamba mengi, matawi yanayogusa ardhi au miti jirani yakatwe na shina lizungushiwe utepe wenye grisi, ili sisimizi wasipande na nyigu wafanye kazi bila kusumbuliwa.

Mdudu mmoja hastahili kungojewa. Ni kijidudu kinachofyonza machipukizi ya michungwa na kueneza ugonjwa wa kijani: majani hupata manjano yasiyolingana pande mbili, na matunda hubaki madogo, yaliyopinda na machungu. Ugonjwa huu hauna tiba. Kijidudu hicho kinapoonekana kwenye machipukizi, dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB) itumike wakati huo wa kuchipua, si mwaka mzima. Isipigwe maua yakiwa yamefunguka, kwa ajili ya nyuki, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa zifuatwe. Miche inunuliwe kwenye vitalu vilivyoidhinishwa.

Upungufu wa madini pia huleta majani ya manjano, ila hayo kwa kawaida hulingana pande zote mbili za mshipa wa kati. Asiye na hakika akate kijitawi chenye majani, akifunge ndani ya mfuko na kumpelekea afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kung'oa mti au kununua dawa.