Nyanya za Msimu: Zihifadhi, Lakini Hesabu Dakika

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, bila shaka unapakumbuka Ilula. Basi limekwisha kuupanda mlima Kitonga kwa kunguruma, abiria wamekwisha kupumua, na mara unaona matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara, mekundu kama moto. "Kamwene!" wanasalimu wauzaji, na kabla hujaitikia, ndoo imekwisha kupita dirishani.

Kwa msafiri hiyo ni neema. Kwa mkulima si neema sikuzote. Nyanya za shamba moja huiva pamoja na za shamba la jirani, na za jirani wa jirani. Lori lisipofika leo, kesho zimelainika, na keshokutwa ni za kumwaga. Basi mkulima huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa. Miezi michache baadaye mama wa nyumbani mjini, akiwa na fedha ileile ya siku zote mkononi, ananunuliwa fungu la nyanya tatu zilizosinyaa na kurudi nyumbani akinung'unika.

Ilikuwa hukohuko Iringa, mwaka 1972, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo, lililowahimiza wananchi kulima kwa njia bora. Wengi wetu tumelikariri shuleni. Lakini kulima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukitunza kilicholimwa, na nusu hiyo mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima, tena baada ya kuharibu.

Nilikuwa likizo kwa shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Yeye ni mwanachama wa kikundi cha akina mama wanaolima shamba la pamoja: nyanya, karoti, kabichi, na pembeni miti michache ya plamu na pichi. Nilifika msimu wa nyanya umepamba moto. Mimi, msomi wa mjini, nikajitolea kuwaonyesha jinsi ya kuweka nyanya chupani. Nilikuwa na kijitabu. Nilizimenya, nikazipika, nikajaza chupa kumi na mbili, nikazichemsha dakika 35 kama nilivyoelekezwa, nikazipanga kabatini na kuzitazama kwa majivuno.

Wiki tatu baadaye vifuniko viwili vilikuwa vimevimba. Nilifungua kimoja, kikalia kama chupa ya soda, na juu ya nyanya palikuwa na povu. Nikachukua kijiko ili niliondoe povu lile na kupika zilizobaki, maana nilihisi uchungu kupoteza. Shangazi akanishika mkono.

"Mwanangu, usionje. Hata kwa ncha ya ulimi."

Chupa zote mbili zilikwenda kuzikwa shimoni, mbali na kuku na mbwa. Kisha akaja mama mwenyekiti wa kikundi. Hakunicheka. Aliniuliza maswali mawili tu: nilichemsha dakika ngapi, na kile kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa wapi. Sikuwa nimelifikiria hilo la pili hata kidogo.

Naam, hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Maji ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, huchemka yakifika nyuzi 100 za Sentigredi. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo maji hutokota upesi zaidi, yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Ongeza kuni, ongeza mkaa, yatatokota kwa fujo zaidi na kumwagika jikoni, lakini joto halitapanda hata kidogo. Mwenyeji wa Mbeya anayelalamika kwamba maharage yake hayaivi mapema ana haki yake. Na vijidudu vilivyo ndani ya chupa navyo "haviivi" mapema.

Kwani kazi ya kuchemsha chupa ni hiyo hasa: kuua kilichomo na kuzuia kingine kisiingie. Mfaransa Nicolas Appert aliigundua njia hii kwa kujaribu na kukosea, akaiandika kitabuni mwaka 1810, na serikali ya Ufaransa ikamtunza faranga 12,000. Alijaza vyakula katika chupa za kioo, akaziba kwa vizibo na kuzichemsha majini. Kwa nini chakula hakikuoza, yeye mwenyewe hakujua. Ilibidi kusubiri Louis Pasteur, miaka hamsini hivi baadaye, kuonyesha kwamba uozo huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Akina mama wa Mbeya hawahitaji kusubiri.

Sasa tuingie jikoni. Kwa chupa ya lita moja utahitaji kilo moja na robo hivi ya nyanya zilizoiva lakini ngumu. Zilizopondeka au kuoza upande mmoja usizitumie. Zitumbukize katika maji yanayotokota kwa dakika moja, zihamishie katika maji baridi, na maganda yatatoka yenyewe. Zikate, zichemshe dakika tano. Chupa ziwe zimeoshwa na ziwe za moto, la sivyo zitapasuka mikononi mwako. Kabla ya kujaza, weka ndani ya kila chupa ya lita nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya chupa ya dukani. Kwa chupa ya nusu lita, nusu ya kiasi hicho. Limau la mtini hatuliamini kwa kazi hii kwa sababu ukali wake hubadilika toka tunda hadi tunda. Hatua hii mimi niliiruka, kwa kuwa nilidhani nyanya ni chachu za kutosha. Nyingine ni chachu, nyingine si chachu, na ulimi hauwezi kupima.

Jaza, acha nafasi ya sentimita moja na kidogo juu, futa mdomo wa chupa, funga. Kifuniko kiwe kipya; kile kilichokwisha kutumika hakifungi tena kwa uhakika, na hapa ubahili haufai. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, maji yazifunike kwa sentimita mbili na nusu. Anza kuhesabu pale maji yanapotokota sawasawa, wala si pale ulipowasha jiko.

Dakika ngapi? Chupa ya nusu lita, usawa wa bahari, ni dakika 35. Iringa mjini na Mbeya mjini ni 45. Ukipanda hadi Njombe, ambako ni juu zaidi, hesabu 50. Chupa ya lita moja: Dar es Salaam 45, Iringa na Mbeya 55, Njombe saa nzima. Hiyo ndiyo tofauti iliyovimbisha vifuniko vyangu. Zikiiva, ziache zipoe usiku kucha bila kuziguza. Asubuhi bonyeza kila kifuniko katikati: kikibonyea na kurudi kwa mlio, hiyo ipikwe siku ileile.

Hapa, ndugu msomaji, naomba tusimame kidogo. Nyanya zilizotiwa asidi zina salama yake. Maharage, mahindi mabichi, karoti, mchicha na nyama hazina. Ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo na uchachu huweza kuishi kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake hustahimili maji yanayotokota kwa saa kadhaa. Sumu yake hulegeza misuli: macho huona mawili mawili, koo hushindwa kumeza, na mwishowe pumzi. Huenda kifuniko kisivimbe na harufu isibadilike. Viwandani vyakula hivyo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye nyuzi 116 na zaidi. Sufuria la kawaida haliwezi, hata ukilala nalo jikoni. Mboga hizo zikaushe, au zitie achari ya siki kwa vipimo vinavyoaminika.

Kukausha nako kuna majira yake. Toka Juni hadi Oktoba anga la nyanda za juu ni kavu, na mboga za majani, zikitumbukizwa kwanza katika maji ya moto kwa dakika mbili, hukauka vizuri kivulini penye upepo. Jua kali huzipunguzia vitamini. Bibi zetu walilijua jua, ila kivuli walikitumia kidogo. Plamu na pichi, kwa upande wake, huiva mvua zikinyesha, mwanzoni mwa mwaka, na ukizianika zitaota ukungu. Hizo ni za jamu. Na jamu nayo ina kituko chake milimani: kitabu kitakuambia iko tayari ikifika nyuzi 105, lakini Mbeya ukiisubiri hesabu hiyo utapata gundi ya fundi viatu. Dondosha kidogo juu ya sahani baridi. Ikikunjamana unapoisukuma kwa kidole, epua.

Anayetaka kuifanya kazi hii iwe biashara ana mahali pa kuanzia. SIDO, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula mikoani. Na mfano wa mbali ungeutafuta wa nini? Zile chupa za sosi ya nyanya na pilipili zenye jina la Dabaga, unazozikuta mezani katika migahawa ya Dar es Salaam, zinatoka Iringa.

Kikundi cha shangazi hakijafika huko. Mwaka huohuo, mama mwenyekiti aliniamuru nirudie kazi yote, chupa kumi, saa ya ukutani mbele yangu, na shangazi amekaa juu ya kigoda akinilinda kama mwanafunzi wa mtihani. Kila chupa niliibandika karatasi yenye tarehe na dakika. Nne nilizibeba hadi Dar es Salaam ndani ya sanduku, zimefungwa katika kanga zake. Watoto wamekwisha kula tatu, katika zile wiki ambazo fungu la nyanya sokoni halishikiki. Ya nne iko kabatini, na kifuniko chake kimebonyea vizuri.