Polisi walikuwepo Itaewon

Jioni ya Oktoba 29, 2022, saa 12:34, mtu mmoja aliyekuwa Itaewon, mtaa wa starehe jijini Seoul, Korea Kusini, alipiga 112, namba ya dharura ya polisi kama ilivyo kwetu Tanzania. Maelezo yake, ambayo polisi wenyewe waliyatoa hadharani siku chache baadaye, ni ya mtu anayejua anachokisema. Alitaja kichochoro kilicho kando ya Hoteli ya Hamilton. Watu wanapanda, wengine wanashuka. Wanaoshuka hawapati njia, wanaopanda hawakomi, na hali ikiendelea hivyo watu watabanwa hadi kufa. Yeye mwenyewe alikuwa amechomoka kwa shida. Aliyepokea simu akauliza kama anamaanisha watu wanaweza kuangukiana na ajali kubwa ikatokea, naye akakubali. Kisha akaeleza chanzo: umati unaotoka kituo cha treni ya chini ya ardhi unamiminika kichochoroni na kukutana na foleni za vilabu. Akataja na dawa yake: polisi wawatoe kwanza waliomo, ndipo wengine waruhusiwe kuingia. Yote hayo yalisemwa katika simu moja, zaidi ya saa tatu na nusu kabla watu hawajaanza kuanguka mahali hapohapo, mnamo saa 4:15 usiku. Simu nyingine kumi za namna hiyo zilifuata, na kati ya zote 11, polisi walikwenda kwa simu 4 tu. Idadi rasmi ya waliokufa ni 159, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu.

Mtu angedhani basi hapakuwa na polisi. Walikuwepo 137. Walipangiwa kazi za kawaida za usiku wa starehe: dawa za kulevya, wizi, udhalilishaji wa wanawake, magari. Kikosi cha kutuliza ghasia kilikuwa na siku ndefu kwingineko jijini, kikilinda mikutano ya kisiasa. Kichochoro chenyewe, chenye mteremko, urefu wa mita 40 hivi na upana wa mita 3.2 pale kinapobana zaidi, hakikuwa na mtu aliyekabidhiwa kukisimamia. Ndiyo maana naona swali linaloulizwa kila baada ya msiba wa umati, kwamba polisi walikuwa wangapi, halitufikishi mbali. Linalopaswa kuulizwa ni waliambiwa walinde nini. Japani ililipa gharama kujua hilo miaka 21 kabla. Julai 2001, katika mji wa Akashi, watu 11 walikufa, 9 kati yao watoto, walipobanwa kwenye daraja la waendao kwa miguu wakitoka na kwenda kutazama fataki. Katika mpango wa polisi wa usiku ule, askari 292 walipangwa kushughulikia magenge ya waendesha pikipiki. Waliopangiwa umati walikuwa 36. Askari walikuwa tele, ila macho yao yalikuwa yanamtafuta mhalifu.

Umati hauui kwa uhalifu, na aliyelieleza hili vizuri kuliko wengi ni mhandisi Mmarekani John Fruin, aliyefanya kazi katika mamlaka ya bandari na usafiri ya New York akichunguza namna watu wanavyotembea na kusubiri mahali pa wengi. Katika andiko lake la mwaka 1993 anasema watu wakifikia 7 hivi katika mita moja ya mraba, umati huacha kuwa mkusanyiko wa watu wenye hiari na kuanza kwenda kama kimiminika. Msukumo unapita mwilini hadi mwilini, mtu anainuliwa miguu haigusi chini, nguo zinachanika, na nguvu inayokusanyika inaweza kupinda chuma. Anasisitiza kwamba karibu wote wanaokufa hukosa pumzi kwa kubanwa kifua. Anasisitiza pia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: aliye nyuma hajui kinachompata aliye mbele. Anasogea hatua moja bila ubaya wowote, na hatua hiyo, ikijumlishwa na za mamia, inamuua mtu asiyemwona. Fruin anataja mambo manne ya kutazama: nguvu, taarifa, nafasi na muda. Mpigaji simu wa Itaewon, bila kusoma andiko hilo, aliyagusa yote. Wachunguzi wa Korea walikadiria kwamba watu walipoanza kuanguka, kichochoroni walikuwa takriban 8 kwa kila mita ya mraba. Hapo hata askari elfu wasingewasukuma watu nyuma. Kazi ilikuwa ya saa moja jioni, kwenye midomo miwili ya kichochoro, na ingeanza kwa askari wachache, kamba na kipaza sauti.

Kuna wanaosema vijana wenyewe ndio wa kulaumiwa, kwamba walevi walisukumana. Hoja hii huja haraka kila mahali na huwaumiza wafiwa bure. Hesabu ya Fruin haihitaji mlevi hata mmoja. Wengine wanasema mkusanyiko ule wa Itaewon haukuwa na mwandaaji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wajibu. Hoja hii ni nzito zaidi, na mahakama ya Seoul iliipa uzito: Septemba 2024 aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Yongsan, wilaya iliko Itaewon, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa uzembe, lakini mkuu wa serikali ya wilaya hiyohiyo akaachiwa huru, kwa kuwa sheria haikumtwika wajibu huo waziwazi. Kisheria huenda ni sawa. Lakini barabara ni ya nani usiku ambao hakuna aliyekata kibali?

Wasiwasi unaonigusa zaidi ni wa wapenda starehe wa miji yetu, wanaojua kuwa gari la polisi likiegesha nje ya baa mara nyingi maana yake ni msako, vitisho na mkono unaonyooshwa. Wana haki ya kuuogopa uamuzi wa kuongeza polisi. Ila askari wa umati ni wa namna nyingine, na yupo. Juni 2013, Japani ilipofuzu Kombe la Dunia, vijana walifurika Shibuya, Tokyo. Askari mmoja juu ya gari, akiwa na kipaza sauti, aliwaambia kwa upole na utani kwamba wao ni mchezaji wa 12 wa timu ya taifa, basi wavuke kwa kufuata kanuni za mchezo. Watu walimshangilia na kumtii, na jeshi lake likamtunuku.

Kwetu mfano hauhitaji kuagizwa. Sikukuu ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora uliojazwa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9 walikufa kwa msongamano katika jengo la Freedom City, Kampala, walipokuwa wakitoka kutazama fataki. Kote kuwili waandaaji walikuwepo, kwa hiyo mwandaaji peke yake si kinga. Makamanda wetu hutangaza kila Desemba kwamba doria imeimarishwa. Safari hii watutajie na majina ya vichochoro, ngazi na milango watakayoisimamia, watuambie nani ana amri ya kufunga njia ya kuingia watu wanapozidi, na nani atatoka kwenda kuangalia mtu akipiga 112 saa 12:34 jioni.